Sufuria ya Mama Iliyovuka Ziwa

Barua ya kutufuta ilikuja kwenye simu asubuhi ya siku ya soko, nikiwa nimesimama juu ya kiti nikitundika vitenge. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa ya Kifaransa kizuri, kile cha watu wanaokuomba radhi huku wakikufungia mlango. Ilisema kwamba wafadhili wetu, kampuni moja ya mbali ambayo jina lake tulilivaa mgongoni kwa miaka minne, wamebadili mwelekeo. Mashindano ya mwaka ule yalisimamishwa kabla ya kituo cha mwisho, na hatima yake ingetangazwa baadaye. Kituo cha mwisho kilikuwa Uvira, yaani kwetu.

Ngoja nieleze mbio zenyewe, maana hata hapa mjini kuna watu ambao mpaka leo wanadhani tulikuwa tunatafuta maiti ya mtu aliyezama. Ni mbio za watu wawili wawili. Mmoja anapiga kasia ziwani, anazunguka boya na kurudi. Akigusa mchanga anamfunga mwenzake kitambaa mkononi, na huyo mwenzake anapanda mlima mbio hadi kwenye alama, kisha anashuka. Wawili hao wanahesabiwa kuwa mchezaji mmoja. Ukiwa na kasia bila miguu, au miguu bila kasia, kaa nyumbani. Vituo vilikuwa vinne kulizunguka ziwa: Mpulungu, Kigoma, Bujumbura na Uvira, nchi nne na maji yale yale.

Mimi nilikuwa kasia. Miguu ilikuwa ya mkulima mmoja wa mpunga kutoka Lubarika, mwanamke mwembamba, Mkatoliki wa kwaya, anayesali kwa Kirundi na kugombana kwa Kiswahili. Tulijuana siku alipokuja kununua vitenge vya sare ya kwaya. Alikuwa ananikata bei bila huruma wakati kijana mmoja aliponyakua mkoba wa jirani yangu wa meza. Mama huyu aliweka kitambaa chini taratibu, akatoka mbio. Alirudi na mkoba pamoja na kiatu kimoja cha mwizi, akaendelea kukata bei pale pale alipoachia. Hakuwa hata anahema. Nilimpa vitenge kwa bei yake, nikamuuliza kama anaogopa maji. Akasema maji ayaogope kwa nini, yeye si ndiye atakayebaki nchi kavu?

Kasia nililirithi. Baba yangu alipata mabinti watatu kabla ya kupata wa kiume, na mizigo haimsubiri mtoto azaliwe, basi mimi wa kwanza nikakaa mbele ya mtumbwi. Alipofariki, mama alilichukua kasia lake akalificha nyuma ya magunia ya mchele. Sisi ni ukoo wa wafanyabiashara, babu zetu walivuka kutoka Ujiji, na wanawake wetu hujulikana kwa meza zao sokoni na kwa pilau yao. Hawaonekani ziwani wameinua mikono. Kila mwaka mbio zilipokaribia, nililitoa kasia nyuma ya magunia bila kusema neno. Zikiisha, nalo lilirudi nyuma ya magunia bila mtu kusema neno. Tuliishi hivyo miaka minne, mimi na mama, kila mmoja akijifanya haoni.

Sasa barua. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Huzuni ilikuja baadaye, ilikuta hasira imeshakaa kwenye kiti. Siku hiyo hiyo gari lilikuja kukusanya mali ya wafadhili: mitumbwi ya plastiki, mabango, fulana za akiba, hata boya walilifungua likaondoka juu ya gari likitikisika. Mtu aliyesimamia kazi hiyo alitaka nitie sahihi kwamba vitu vyote vimepokelewa. Nikamuuliza, na wasiwasi mliotuachia, huo tunautia sahihi wapi? Hakucheka.

Jambo lililonichoma ni hili. Mwaka ule sisi na jozi ya Kigoma tulikuwa tunalingana juu kabisa. Kituo cha Uvira ndicho kilichokuwa kiamue. Lakini nikisema ukweli wote, ushindi ulikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kwamba mbio zisife. Nilijua jinsi vitu vinavyokufa kwetu: havizikwi, vinaahirishwa. Ukiacha mwaka mmoja upite, wa pili watu wanauliza, wa tatu wanakumbuka, wa nne wanasema kulikuwa na mchezo fulani. Mwenzangu angerudi kuwa mtu wa mpunga tu, na mimi mtu wa vitenge tu, na kasia lingeoza nyuma ya mchele.

Nilimpigia simu.

“Yaya,” akasema, kwa kuwa nimemzidi miaka michache, “sasa tutafanya je?”

“Tutakimbia.”

“Na bale benye mbio balishaenda?”

“Benye mbio ni nani? Bo njo balikuwa napanda ule mulima?”

“Minye miguu iko,” akasema. “Weye tafuta boti.”

Boti nilijua pa kuzipata, na hapo ndipo nilipoanza kufurahia hasira yangu. Wavuvi wetu huvua kwa taa, maana ndagala, yaani dagaa, hufuata taa gizani. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa jeupe na taa haina kazi. Basi kwa wiki nzima vyombo hulala mchangani, na wenyewe hushona nyavu na kugombana na wake zao. Mwaka wa kwanza kabisa niliwaambia wafadhili wapange mbio katika wiki hiyo, kutakuwa na mitumbwi tele na watu wa kushangilia tele. Bwana mmoja aliandika maneno yangu kwenye kompyuta yake, yakalala humo. Wao walikuwa na Jumamosi zao, zilizochaguliwa na watu ambao hawajawahi kuutazama mwezi kwa sababu ya kazi. Ndiyo maana walilazimika kuleta plastiki. Safari hii nilipanga mbio wiki hiyo ya mwezi, nikaenda pwani, nikaomba, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na mitumbwi sita ya mbao, mizito, iliyonuka samaki. Mzee mmoja tu mwenye mashua tatu alinikatalia, akisema chombo chake hakikaliwi na mwanamke. Nilimweka akilini. Boya likawa bido, dumu la manjano lililofungwa kwenye jiwe.

Zikabaki jozi za ng'ambo, kwa sababu bila mtu wa upande wa pili hayo yangekuwa mazoezi ya mtaa. Nilituma sauti kwa simu kila upande. Mpulungu wakajibu kwamba ni mbali mno bila wa kuwasafirisha, na nikawaelewa. Bujumbura wako hapa puani, tunaona taa zao, lakini mpaka ulikuwa umefungwa tena, na hakuna aliyejua kwa siku ngapi. Kigoma walikaa kimya siku nne. Siku ya tano ikaja sauti ya yule mpiga kasia wao, mshonaji nguo, mwanamke mwenye adabu inayoudhi:

“Dada, tumekusikia. Kuna meli ya mizigo inakuja huko, tunaweza kupanda. Ila tuulize tu, kombe lipo?”

Kombe lilikuwa limeondoka na gari. Mtu mwenye busara angesema hivyo. Mimi nilijibu, “Kombe liko. Liko kubwa kuliko lile lao.” Kisha nikakaa chini nikaanza kufikiri nimesema nini.

Kitu kikubwa kilichokuwa karibu yangu kilikuwa sufuria ya mama. Si sufuria ya kupikia chakula cha nyumbani. Ni ile kubwa ya watu, nene, yenye masikio mawili, ambayo bibi aliletewa na ndugu zake wa Ujiji, na ambayo mtaa mzima wa Songo umekula kutoka tumboni mwake. Maulidi ni hiyo, harusi ni hiyo, msiba ni hiyo. Anayeiazima huja mwenyewe kwa mama, hukaa, huuliza habari, ndipo hutaja. Mimi sikutaja. Mama alikwenda kumtazama mgonjwa, nikaibeba na jirani mmoja, nikaifunika kitenge. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba tungeshinda na sufuria ingerudi mahali pake kabla ya alasiri, ikiwa na heshima zaidi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, mtu mzima mwenye watoto.

Wale wa Kigoma walishuka bandarini Kalundu kati ya mifuko ya saruji na maboksi ya sabuni, vumbi la saruji kwenye kope. Walitusalimu kwa Kiswahili chao kilichopigwa pasi. Tuliwalisha ugali, ambao kwetu ni bugali, kisamvu, ambacho kwetu ni sombe, na mgebuka, ambaye kwetu ni mukeke, na kila sahani ilikuwa na ugomvi wake. Mkimbiaji wao, muuza mawese mwenye mapaja ya kutisha, alimuuliza mwenzangu kama mlima ni mkali. Mwenzangu akamwambia, “Hapana. Iko kamulima tu.” Nikajua kwamba anamwogopa.

Asubuhi ya mbio watu walijaa pwani kuliko mwaka wowote wa mabango. Wavuvi wote walikuwapo, hawana kazi, wamelala vizuri. Mstari wetu wa zamani uko chini ya maji tangu ziwa lilipopanda na kula nyumba za mbele, kwa hiyo tulianzia penye ukuta wa nyumba iliyobaki nusu. Shefu wa mtaa, yaani kiongozi wetu, aliuliza karatasi yenye muhuri. Nikamwambia karatasi zote ziliondoka na wafadhili, zimebaki mbio tu. Akafikiri, akaomba apewe kazi ya kupiga filimbi. Akapewa.

Jinsi nilivyopiga kasia siku ile sitaisahau. Mtumbwi wa mbao haukusamehe kitu, lakini ulikuwa wa kwetu, ulinijua. Nilikuwa wa kwanza kulizunguka lile bido, mshonaji wa Kigoma nyuma yangu, jozi nyingine za Uvira nyuma yake. Nilikuwa nasikia pwani yote inapiga kelele na nilikuwa na furaha, furaha ya waziwazi, ya mtu aliyeambiwa kwamba jambo limekwisha na sasa analiona linatembea. Niligusa mchanga mbele. Mwenzangu alikuwa ameshanyoosha mkono, kitambaa nimekishika kwenye meno.

Hapo yule mzee wa mashua tatu akapaza sauti: “Mama, ile kasia iko mwiko! Uirudishe kwa bugali!”

Watu wakacheka. Mkono wa mwenzangu ulikuwa pale pale mbele yangu. Nami nikageuka. Nikatoa kitambaa mdomoni ili nipate nafasi ya maneno, nikamwambia mzee yule habari za mashua zake tatu na matundu yake, habari za tumbo lake linaloshuka botini mbele ya mwenyewe, na kwamba mke wake ndiye aliyenionyesha mitumbwi ya kuazima. Kila neno nililisindikiza na kile kitambaa, nikikipunga hewani. Watu walianguka kwa kicheko. Kwa nyuma nilisikia, “Yaya! Kitambaa! Yaya!” na nilipogeuka, mshonaji wa Kigoma alikuwa ameshafika, amefunga fundo lake bila kusema neno, na yale mapaja yameanza mlima.

Mwenzangu alikimbia mlima ule kama mtu anayemkimbiza mwizi. Alipopotea kwenye kona ya juu alikuwa nyuma sana. Alipotokeza tena akishuka, alikuwa amekula karibu nafasi yote. Nilisimama kwenye maji mpaka magotini nikilia na kupiga kelele. Waliachana kwa hatua sita. Yule wa Kigoma alianguka kwanza mbele ya shefu na filimbi yake, na mwenzangu akaanguka juu ya miguu yake.

Nilimpelekea maji. Aliyanywa yote kwanza. Kisha akanitazama, si kwa ukali.

“Yaya,” akasema, “minye nilikimbia. Weye uliongea.”

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walishasema. Lakini nilikuwa bado sijamaliza kuponzwa, kwa maana watu walianza kupisha njia, na nikamwona mama anakuja. Alikuwa ametoka kwa mgonjwa, amepita jikoni, ameona mahali palipo wazi. Alivaa kitenge cha kwendea kwa watu na uso wa kwendea polisi. Katika miaka yote minne hakuwahi kukanyaga pwani siku ya mbio. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza tuliyoweka kombe, akafunua kitenge, akaitazama sufuria yake.

“Nani alishinda?” akauliza.

“Bo, mama. Ba Kigoma.”

“Kwa hiyo sufuria ya mama yangu inaenda Kigoma.”

Nilijua kwamba kama angesema neno moja, hapana, mbio zingefia pale. Wale wanawake wangerudi mikono mitupu, wakasimulie jinsi Uvira ilivyowaita kwa kombe la uongo, na nani angevuka tena? Nilikuwa tayari kumpigia magoti mbele ya wavuvi wote. Mama akaingiza mkono ndani ya sufuria, akapapasa chini.

“Tupu?” akasema, na sasa sauti ndiyo ilipanda. “Batu banavuka ziwa, banashinda, na unabapatia sufuria tupu? Tuko nyumba isiyokuwa na batu?”

Mwenzangu, ambaye bado alikuwa amekaa chini, akainuka. Alikuwa amekuja na gunia la mchele wa shamba lake kwa ajili ya chakula cha wageni. Alilivuta mwenyewe, akalifungua, mchele wa Lubarika ukaingia kwenye sufuria ukilia kama mvua ya kwanza. Wanawake wa pwani wakaleta ndagala wakavu wakajaza juu. Mama alisimamia kila kiganja. Ilipofika kwenye masikio, akawageukia wale wageni, ambao walikuwa wamesimama na heshima zao, hawajui wanagombezwa au wanatunzwa.

“Bana bangu, hii si zawadi,” akawaambia. “Iko chombo. Munajua chombo?”

Mshonaji akapiga goti kidogo. “Tunajua, mama. Kwetu pia chombo cha mtu hakirudi kitupu.”

“Na hakibakie kule.”

“Hakibaki, mama. Ila waje wakifuate.” Akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona adabu yake ina meno. “Mwezi ukijaa, wakati wa kiangazi kijacho. Njia ya ziwani ile pale, wanaijua.”

Hivyo ndivyo ilivyopangwa, mbele ya shefu mwenye filimbi, bila barua. Sufuria ilipanda meli ya mizigo imefungwa kamba, na mama alisimama gatini mpaka meli ikawa ndogo. Hakunisemesha siku tatu. Msiba wa kwanza uliotokea Songo tulipikia sufuria nne ndogo, na kila mwanamke aliyekoroga alihakikisha namsikia.

Wiki chache baadaye bwana mmoja wa wafadhili alinipigia. Ameona picha zimesambaa. Alisema jambo hili la sufuria lina mvuto, na kwamba huenda, kama tungekubali jina lao libandikwe ubavuni mwake, kampuni ingefikiria upya. Nilivuta pumzi, nikakumbuka ule mlima na hatua sita, nikajibu kwa ufupi. Nilimwambia sufuria ya mama haibandikwi kitu, inawekwa motoni. Akitaka kurudi, arudi, njia anaijua, aje na mchele kama wengine. Sijui kama aliandika hilo kwenye kompyuta.

Sitamdanganya mtu kwamba mambo yametengemaa. Mpaka unafungwa na kufunguliwa. Kuna majuma ambapo mwenzangu hawezi kutoka Lubarika kwa sababu ya barabara, na tunafanya mazoezi kila mmoja peke yake, yeye kwenye matuta ya mpunga, mimi majini, tukitumiana sauti za kuhema. Ziwa limekula hata ule ukuta tulioanzia. Mtu akiniuliza kama mbio hizi zina kesho, namwambia mimi si wa kuulizwa. Kuna sufuria Kigoma, na mwenyewe yuko Songo, yu hai na ana hasira.

Mwezi uliopita walituma picha. Sufuria iko motoni, uwanja wa watu tusiowajua, moshi, wanawake wanacheka na miiko mirefu. Mshonaji alisema imeshapika harusi mbili na watu wake wanaiulizia kwa ya tatu. Mama aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

“Unaona bale banawake?” akasema. “Banaunguza sufuria yangu.”

Akaweka simu chini, akaingia ndani. Nilisikia magunia ya mchele yakivutwa, moja, la pili, la tatu. Alitoka ameshika kasia la baba kwa mikono yote miwili, vumbi la mchele kwenye ushungi, akanipa.

“Kamata,” akasema. “Uende ulete sufuria yangu. Na mara hii, ufunge mudomo.”

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga.